Baba Hajazimwa

Binti yangu ananiua mara mia nne kwa siku, tena kazini, tena analipwa mshahara! Mpendwa mshauri, salamu zije baadaye, naomba msaada. Mimi sikusoma sana lakini nimezaa kichwa, maana huyu mwanangu ndani ya mashine moja tu ametengeneza mtandao wa kuigiza, kompyuta elfu nne za uongo zinazozungumza kama za kweli, halafu anazikata aone kama programu ya kupeleka majibu ya damu hospitalini itastahimili siku mtandao ukianguka, na kaanza kuzipa majina ya watu wetu, ndugu walipoisha akaingia kwa majirani, majirani walipoisha akahamia kwa kuku wangu. Nilipokwenda ofisini kumwonea fahari nikakuta kwenye skrini: "Mama: imezimwa."

"We mtoto, nimekukosea nini?"

Wakacheka wote. Shangazi yake kazimwa, mdogo wake kazimwa. Nikauliza, "Na Baba?" Kicheko kikakatika.

Baba yake tulimzika miezi saba iliyopita. Msimamizi wake akanivuta kando: "Mama, hiyo kompyuta ya Baba ndiyo inayopokea habari za nyingine zote, na mwanao hajaizima hata mara moja. Tusipojua ikifa itakuwaje, programu haiendi kwa wagonjwa. Nikitaka kuizima mimi, anafunika kibodi kwa mikono miwili, analia. Alhamisi ikipita, nampa kazi mtu mwingine."

Nimlazimishe? Nyumbani haongei, anakula amesimama, nami nikimwona hivyo nawageukia wageni naanza kumsifia.

JIBU

Pole sana, mama. Sasa nikuseme kidogo. Miezi saba unamsifia kwa wageni, umelia naye lini? Barua nzima sijaona mahali mmekaa wawili mkamtaja marehemu. Mwanao anaogopa kumzika baba yake tena, safari hii peke yake.

Usimlazimishe. Wala usimshauri abadili jina. Hata akiiita kuku, atajua ni nani. Leo mketishe, umtaje mumeo, ulie wewe kwanza, na habari za mshahara ziache. Kisha mfuate kazini, ukae kiti cha pembeni, abonyeze mwenyewe. Kompyuta zilizobaki zitatafutana, majibu yatachelewa, mengine huenda yakapotea. Hilo ndilo wanalotaka kulijua pale ofisini, na ninyi nyumbani mnalihitaji vilevile.

Mwambie msimamizi aongeze viti. Wewe, shangazi mtu na mdogo wake, wote mfike: Jumatano, saa nne asubuhi.