Moshi wa Udi na Mbuzi ya Miska

Jumamosi, 24 Mei 2008

Imefika! Mashine yangu ya kuchonga mbao, kutoka Marekani, imefungwa mablanketi kama bibi harusi. Thornton Heath nzima hakuna mwenye nayo — labda London nzima. Unaingiza ubao, unapachika kadi yenye mchoro, inachonga yenyewe. Ndani mna sensa mbili, vioo vidogo kama punje za mtama, ndizo zinazoupima ubao. Skuli niliiacha darasa la tano, lakini kitabu chake nimekielewa kwa picha tu.

Leo nimetangaza sebuleni mbele ya watu wote. Miska, mtoto wa dada yangu Siham, haolewi akatoka nyumba hii bila mbuzi ya kukunia nazi! Ya mti wa mkangazi, ina maua, ina jina lake. Kama ile ya mama, iliyobaki Unguja siku tuliyokimbia. Dada akaniuliza, kwani unaikumbuka wewe? Naikumbuka mpaka meno yake!

Shaame, mjomba wa bwana harusi, akacheka. Nazi siku hizi ziko kwenye makopo, Bwana Harith. Nikamjibu, hata akili, wengine wananunua za makopo. Watu hoi kwa kicheko.

Jumapili, 1 Juni

Jaribio la kwanza. Ubao umekwenda shubiri moja, mashine ikapiga kelele, ikasimama. Miska akasoma kwenye kioo chake cha maandishi: safisha sensa. Vumbi! Unga mwekundu kila mahali, banda zima la nyuma ya nyumba, mpaka kwenye masharubu yangu. Miska kwa Kiingereza chake akasema tununue kitu cha kuvuta vumbi. Nikamwambia kitu hicho ni mimi. Nikamkumbusha jenereta ya yule shekhe wa Maskati, niliyoitibu kwa mswaki na pafyumu. Eti, Uncle, mara ya mwisho ilikuwa Dubai na ilikuwa friji. Watoto wa huku hawasikilizi vizuri.

Jumanne, 3 Juni

Ushindi! Hoova ya zamani, ile ya kufyonza vumbi la zulia, mpira wa ndani wa baiskeli, soksi ya nailoni ya Miska mdomoni mwa mpira. Nimefunga, nimewasha — vumbi lote linakwenda huko kama limeitwa. Wamarekani wenyewe hawakufikiri hili.

Jioni Shaame akaja kuona. Akaizunguka. Lo, mashine nzuri hii! Basi. Hata mashaallah hakusema! Na akaigusa. Hajafika stesheni, sensa imekufa.

Nikampigia kelele dada: fukiza! Akapanda juu, akashuka na chetezo cha mama. Kile alichokificha ndani ya nguo zake siku ile tuliyokimbia — kitu pekee tulichotoka nacho. Udi, ubani, mavumba. Akaizungushia mashine chetezo mara saba, midomo inasoma. Tangu mumewe afariki sijamwona dada na uso ule. Kama msichana.

Ijumaa, 6 Juni

Anafukiza asubuhi, mchana na jioni. Mimi ndiye niliyemwagiza, nasema kweli. Nimekwenda mkahawani Edgware Road nikawaeleza: husuda ya Shaame inasimamisha treni, lakini moshi wa dada yangu ni kiboko! Wamecheka mpaka kahawa imemwagika. Mmoja kataka afukiziwe teksi yake.

Mashine? Inakwenda shubiri mbili, inasimama. Ni maendeleo.

Jumatatu, 9 Juni

Sielewi. Vumbi hakuna. Wallahi ungeweza kupakua pilau juu ya mashine ile! Bado inasema safisha sensa. Mbao mbili zimeharibika katikati ya ua. Zimebaki mbili, moja ya mguu, moja ya kikalio. Harusi Jumamosi. Ijumaa watu wa bwana harusi wanakuja kuchukua vyombo vya Miska.

Shaame kapiga simu. Southall kuna mbuzi ya umeme, niwachukulie? Dada alikuwa karibu, alisikia. Akaenda akaongeza udi.

Jumatano, 11 Juni

Nimechukua kijiti cha pamba, nikaisugua sensa polepole. Kimetoka cheusi, kinanata kama halua. Nikanusa.

Udi!

Si Shaame. Ni sisi. Moshi unapaka utomvu kwenye kioo, unga kidogo uliobaki unanasa pale pale. Hoova itavuta nini? Miska akanusa na yeye, macho yakamtoka. Nikamwambia nimejua tangu juzi, nilikuwa namjaribu tu. Akasema, basi mwambie Mama. Nikasema, mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwanzisha, Uncle!

Tunamsikia jikoni anatwanga mavumba, anaimba kidogo.

Nimwambieje? Chetezo cha mama ndicho kinachozuia mbuzi ya mama? Mimi nimejibizana na mabaharia wa Kigiriki! Leo ulimi umekuwa kipande cha ubao.

Nimesafisha sensa kwa spiriti. Zote mbili. Zinang'ara.

Alhamisi, 12 Juni

Dada na Miska wamekwenda kutia hina. Nimefunga mlango, nimechonga mguu. Umetoka! Maua yote, hakuna palipokatika. Macho yalinitoka maji — vumbi tu, hoova haivuti lote.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya msasa, nimesimama bandani. Kikalio kiko ndani ya mashine tangu adhuhuri. Maua yamekwisha. M imekwisha, I imekwisha, S inamalizika. Shaame na watu wake wako sebuleni wanakunywa chai. Ana boksi kwenye gari, Miska kaliona. Mbuzi ya umeme!

Na dada kaja na chetezo. Kimejaa! Moshi kama moto wa nyumba. Miska nyuma yake ananipungia mikono. Dada akasema leo ndiyo siku ya husuda yenyewe, nipishe niizungushie mara saba.

Nikaruka mbele. Dada, nifukize mimi kwanza! Husuda iko juu yangu, hawa wamenitazama mimi!

Akacheka — akacheka kweli. Haya, panua koti. Nikalipanua kama bawa, mgongo kwenye mashine, moshi wote ndani ya kanzu. Akienda kulia nami kulia. Akienda kushoto nami huko. Akasema, mama naye alikuwa akikufukiza hivi hivi, hukuwa ukitulia hata kidogo. Nikamwambia bado, dada, zidisha, kwapani hapa haujafika. Mpaka kaa likazimika.

Kaenda jikoni kuwasha jingine. Miska kamfuata kumchelewesha. Shaame anaita toka mlango wa nyuma, Bwana Harith, tufungue boksi au tungoje? Nimemwambia angoje! Watu wenye adabu hungoja!

K imeanza. Mashine inalia vizuri. Nasikia kandambili za dada zinarudi kwenye simenti, na harufu imetangulia.

Nimeshapanua koti.