Wanaume wa China Walivaa Sketi

Ijumaa

Huyo Wafula, Mungu anisamehe, leo amenivua nguo mbele ya watu. Yeye ni mlinzi wa lango la magari. Maonyesho ya nguo za kale za Kichina hapa hotelini nayalinda mimi, yeye alifuata nini?

Mpwa wangu Nekesa alikuja kunitembelea, leo ni siku yake ya kupumzika kwa madam Mwarabu anayemfanyia kazi za ndani, mtaa wa Al Thumama. Nikamwonyesha sketi ya hariri yenye marinda, ile ya kuzungushwa kiunoni kama leso na kufungwa kwa kamba. Nikamwambia zamani China hata wanaume walivaa sketi, hata wafalme. Hiyo sikuitunga. Mama wa Kichina aliyeleta nguo alinieleza mwenyewe.

Wafula akacheka mpaka wageni wakageuka. "Dada, usimsikize huyu mzee! Juzi alimuua chui kwa mwavuli, leo amewavisha wafalme sketi!"

Mshenzi. Ya chui niliongeza chumvi, sawa. Ya sketi ni kweli tupu, na ndiyo ameicheka.

Nekesa hakucheka. "Anko, na ile kazi ya dobi uliyoniombea hapa hotelini, ni ya kweli?"

"Kwani mimi nakudanganya?"

Akatabasamu. Kesho asubuhi anamwambia madam anaacha kazi.

Sijamwombea kwa mtu yeyote. Meneja wa dobi hata jina lake silijui. Simu ninayo mkononi tangu magharibi, lakini nikimwambia Nekesa ukweli, Wafula atakuwa ameshinda.