Neno Nililolikazia Vibaya

Mwalimu Riziki,

Tangu tulipokuzika, darasa letu la Kiingereza pale kanisani Kisugu, hapa Kampala, nalifundisha mimi. Wamama walisema, "Wewe ndiye uliyekuwa unakaa karibu naye." Nilishindwa kukataa. Sasa kila Jumanne nashika chaki kwa woga.

Nakumbuka siku liliponishinda neno photographer. Uliligawa begani kwangu kwa vidole, pho-to-gra-pher, ukagonga kwa nguvu kwenye to. Ukasema, "Mkazo wa Kiingereza unahamahama, mpenzi. Usiufuate kwa mazoea."

Mimi niliufuata kwa mazoea.

Mama Aline, yule wa Uvira anayeuza vitenge, aliitwa Jumatano kuhojiwa kwa ajili ya kazi katika hoteli moja huko Lubaga. Akaniomba nimfundishe kutamka hospitality, ule ukarimu wa hotelini. Nikaandika ubaoni: hos-pi-ta-li-ty. Tukapiga makofi matano. Mkazo nikauweka kwenye li, silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu. Kamusi yako ilikuwa mkobani. Niliona haya kuifungua mbele yao.

Nilipofika nyumbani nikaifungua. Mkazo uko kwenye ta.

Nikampigia Mama Aline simu, haipatikani. Jumatano asubuhi nikaenda kwake, jirani akaniambia ameshatoka. Nikakaa mlangoni pake mpaka saa nane mchana, nawaza wale watoto wake wanne, nawaza watu wa hoteli wanamcheka kwa kosa langu.

Aliporudi nikamuuliza, "Walikucheka?"

"Mmoja alitabasamu. Akalitamka vizuri, nami nikamfuata." Akavua viatu, akaniangalia. "Kama hukuwa na hakika, mbona hukuniambia?"

Hotelini, Mwalimu, hawajamjibu mpaka leo. Kila nikimwona naogopa kuuliza.

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele yao nikasema nilikosea. Nilidhani watainuka waondoke. Mama Aline ndiye aliyeanza kupiga makofi ya silabi, na kwenye ta akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Bado naogopa. Lakini nakuahidi: neno nisilolijua nitasema silijui, na nitalitafuta palepale, wote wakiniona.

Pumzika, mwalimu wangu. Jumanne hii tuna neno responsibility. Nimeshaliangalia mara tatu, na nitaliangalia tena kabla sijatoka.

Mwanafunzi wako,
Devota