Fuvu la Meza ya Tatu

Jumatano, 4 Juni
Nimeanguka. Mtihani wa mdomo wa fuvu — alama thelathini na nane! Na majina yote nilikuwa nayo: paji, panja, kisogo, utosi kulia na kushoto. Lakini nilijibu mikono nyuma, naonyesha kwa kidevu. Dakta Mudaliar kasema udaktari hauwezekani bila kushika. Narudia Jumanne. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima.

Siogopi mifupa. Kwetu kichwa cha mtu hakiguswi, basi. Na yule alikuwa baba wa mtu.

Alhamisi, 5 Juni
Artika, ninayekaa naye chumba kimoja, kanicheka hadi chai ikampalia. Eti namwomba marehemu radhi! Ni kweli, kila nikipita meza ya tatu, lilipo fuvu, nasema tulou, yaani samahani napita, kama ninavyompitia mzee aliyeketi. Akanipa kichwa chake nijifunzie. Nikapapasa panja, nyuma ya sikio, kisogo. Mafuta ya nazi tele. Jioni maabara — vidole viligoma vilevile.

Jumapili, 8 Juni
Nyumbani, Nausori. Babu ni mkubwa wa ukoo. Bibi pekee ndiye humkata nywele. Nilimweleza Babu huku natazama mkeka, nikingoja kukemewa.

“Akiletwa mtu kapasuka kichwa utamwambiaje?” akauliza. “Samahani mzee, mimi natibu miguu tu?”

Bibi alicheka mpaka akaweka chini bakuli la rourou, mboga ya majani ya magimbi. Babu akainama, akauchukua mkono wangu, akauweka utosini mwake.

“Haya, soma.”

Nikaanzia paji. Machozi yalinitoka kama mjinga. Nampenda mzee huyu. Akauliza kama ndani nako kuna kitu. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani.

Jumanne, 10 Juni
Matokeo Ijumaa. Sitaki kupiga hesabu za alama.

Nimelishika! Jepesi kuliko nilivyodhani. Nikatoa kifuniko, nikaonyesha sakafu ya ndani, ngazi zake tatu unapokaa ubongo. Kisha matundu ya mishipa, moja moja, kwa kidole. Nikafika lile kubwa la uti wa mgongo. Kengele ikalia. Dakta Mudaliar akasimama, akanyoosha mikono nimrudishie.

“Bado matundu mawili, daktari.”

Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Akatazama saa. Akatazama mlango, mwenzangu alikuwa anasubiri. Akaketi tena.