Tuanze au Tusianze Kitabu cha Tabutany

Mtaa wa Nyagacho,
Kericho.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Mama Mdogo Quinter,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, baridi ya huko ughaibuni Winnipeg imekuachia sasa? Na mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wagonjwa unaendeleaje? Sisi hapa tu wazima. Mama amepona kikohozi, na mvua ni nyingi hadi wachumaji chai wanarudi nyumbani wamelowa kila jioni.

Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu usiku huu, isikawie posta.

Unajua kampuni yetu ndogo ya uchapishaji hutoa vitabu vya katuni vya Jemedari Mwale, yule shujaa anayeruka angani na kutoa moto machoni. Kila mtoto anamjua. Lakini kurasa za mwisho huwa na mashujaa ambao hakuna anayewaulizia: mpiga obokano, kinubi chetu sisi Wakisii, anayewalaza usingizi wezi wa mifugo, na Tabutany, mama mchuma chai anayeinyamazisha ngurumo. Mchoraji wetu Nelvine, msichana Mkipsigis wa Kabianga, anataka hawa wadogo wapewe mfululizo wao wenyewe, waanze na Tabutany.

Mkubwa wetu, Bwana Kipkemoi, alishindwa kuamua, akanigeukia mimi karani.

"Nyatichi, Nelvine atavutia kwao. Wewe si wa huku. Jumatatu nipe neno lako, tuanze ama tusianze?"

Mama Mdogo, mimi nimezaliwa hapa hapa Kericho! Lakini nilimwitikia tu.

Niliogopa kwa sababu hii. Radi ikizidi, Tabutany hulisugua shoka kwenye majivu ya jikoni na kulitupa nje, akiiambia ngurumo inyamaze, hapa ni kwetu. Ni mila ya ukoo mmoja wa Wakipsigis tangu zamani. Na wanunuzi wetu wakubwa ni shule za Jumapili. Makanisa yakikikataa kitabu, itasemwa kwamba Mkisii amechezea mila za watu, na wa kwanza kufutwa kazi nitakuwa mimi. Wadogo zangu Sagini na Gesare bado wanasoma kwa mshahara huu. Nilikuwa tayari kusema tusianze.

Alhamisi tulikwenda shule moja ya Sigor kuwasomea watoto kurasa za majaribio. Mchungaji Kipchirchir, ambaye huagiza vitabu vyetu kwa makanisa ya huko, alikuja kusikiliza. Uso wake ulikuwa umekunjamana tangu ukurasa wa kwanza.

"Huyu ni shujaa ama ni mganga?" akamuuliza Nelvine mbele ya darasa zima.

"Mchungaji, na Mwale akitoa moto machoni, ulimuuliza kama ana leseni ya uganga?"

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. "Wewe Nelvine, mimi ndiye nilikubatiza. Ningejua utakuwa hivi ningekuacha ndani ya maji zaidi kidogo."

Hapo mvua ya mawe ikaanza. Unaikumbuka ya huku, lakini hii ilikuwa kali zaidi. Mabati yalipiga kelele hadi sikusikia sauti yangu mwenyewe. Radi ikapiga karibu sana, dirisha likapasuka, na watoto wakajitupa chini ya madawati wakilia. Mimi pia nilikuwa chini, Mama Mdogo, sikufichi.

Kisha nikamwona Mchungaji. Shoka halikuwapo, akachukua jembe lililokuwa pembeni, akafungua mlango, akalirusha uwanjani kwa nguvu zake zote, akapaza sauti kwa Kikipsigis. Nelvine alinitafsiria sikioni: "Nyamaza katika boma letu!"

Mvua haikunyamaza hata kidogo. Watoto ndio walionyamaza. Wakatoka chini ya madawati mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake, wakaanza kuikemea radi pamoja naye, wengine wakicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Yeye alikuwa akiutazama mkono wake kama si wake.

"Nyanya yangu ndiye alikuwa akifanya hivi," akatuambia baadaye, akihema. "Huo ukoo wa shoka ni wetu. Sikujua mila hiyo bado ninayo ndani yangu."

Sijawahi kushtuka hivyo maishani.

Jana alinipigia simu. Nilipoona jina lake nilikaa chini kwanza. "Karani, nimeomba na nimefikiri. Kwa kanisa langu hicho kitabu hakiingii. Usiniulize tena." Nikasema sawa, Mchungaji. Kabla sijakata simu akaongeza: "Lakini mkichapa, niletee kimoja nyumbani. Na mimi usiniweke ndani ya hadithi."

Kwa hiyo najua jinsi makanisa yatakavyojibu, na kesho asubuhi nitamwambia Bwana Kipkemoi tuanze. Nimewaona watoto wale wakisimama. Siwezi kusema sikuwaona. Naogopa, lakini nitasema.

Mama anakusalimu sana, pia Sagini, Gesare na Mzee Mageto jirani. Msalimie binti yako Elmina na umbusu mtoto wake. Mungu aulinde mgongo wako na safari zako za kazini kwenye baridi hiyo. Na kesho ukiamka, huku itakuwa imeshafika mchana. Nipigie, uniulize kama bado nina kazi.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye daima,
Vivian Nyatichi