Boma Lenye Kishikio

Jumapili, 4 Agosti 1985. Kiwanjani, Isiolo

Nimemwosha Baba, nimempa chai, nimemtoa nje akaketi kivulini. Uji amekataa. Anasema uji ni wa watoto na wagonjwa, na yeye si mtoto. Ugonjwa hakuukana.

Shule imefungwa, masufuria yangu yamelala huko Meru, na mimi nimekuja likizo kupumzika. Kupumzika gani? Nimefua, nimefagia, nimeteka maji, nimegombana na mwenye duka juu ya sukari yenye mchanga. Jikoni shuleni angalau huwa nina wasaidizi.

Baba ameuliza tena. Kila asubuhi anauliza. Anaupakata mkebe wake wa tumbaku, anaugonga kwa kidole. Lini mtanipeleka kwa mama yenu? Nikamwambia tutaona. Ndilo neno ninalowapa wanafunzi wakiomba nyama, na wao pia hujua maana yake.

Jumatatu, 5 Agosti

Mama alikufa nikiwa bwenini kwa masista. Miaka ya fujo. Walimzika ndani ya boma, pale kilipokuwa kibanda chake cha kulala, ndivyo Waturkana tunavyomzika mama wa watu. Kesho yake wavamizi walikuwa karibu, Baba na watu wake wakahama na mifugo waliyoweza kuswaga. Mimi nilipata habari muhula ulipokwisha. Mtu alinijia langoni akaniambia twende Isiolo, nyumbani siku hizi ni Isiolo.

Baba alirudi mara mbili kutafuta. Hakupaona. Miti ya alama ilikuwa imekatwa kwa makaa, laga, ule mto mkavu, limehama baada ya mafuriko, njia yake si ile tena. Kisha macho yakaanza kumfifia. Sasa anaona mwanga na vivuli, basi.

Anachotaka ni kidogo. Kumwekea Mama tumbaku, kumwaga maji, kumuaga kabla naye hajaenda. Walivyoondoka siku ile hakumuaga.

Ndugu yangu Ekai hataki kusikia. Ameokoka. Siku hizi anataka tumwite Petro, lakini mimi nilimbeba mgongoni akinikojolea, kwa hiyo ni Ekai. Anasema tumbaku kaburini ni mambo ya giza, na Mama yuko kwa Bwana. Baba akamwuliza amefikaje huko kabla ya kuagwa. Ekai akatoka nje akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jumatano, 7 Agosti

Kichekesho. Kesho napanda baluni.

Hoteli anakofanya kazi Ekai, kule mtoni mbugani, imeleta baluni msimu huu. Kitambaa kikubwa kinajazwa hewa ya moto, kinabeba kikapu, wageni wanaruka alfajiri kutazama wanyama. Ekai na wenzake hutandaza kitambaa, hushika kamba, kisha huifuata chini kwa pikapu hadi inapotua. Yeye mwenyewe hajapanda hata mara moja. Anasema ni kazi nyingi. Ni woga.

Sasa mgeni mmoja anaharisha na rubani hataki kikapu kiegemee upande mmoja. Ekai akasema ana dada. Akanitazama juu mpaka chini, akasema uzito nitafaa. Ni kweli.

Baba aliuliza nani huendesha gari hilo la hewa. Ekai akamwambia hakuna usukani, rubani hupanda na kushuka tu, njia huchaguliwa na upepo. Baba akacheka mpaka akakohoa. Hajacheka tangu nije.

Alhamisi, 8 Agosti

Niandike polepole.

Pikapu ilinichukua bado giza. Tulipofika, kitambaa kilikuwa kimelala chini, kirefu kuliko bweni la wasichana. Wakawasha moto. Moto ule! Ningekuwa nao jikoni, githeri ya shule nzima ingeiva kabla ya kengele. Kitambaa kikainuka chenyewe, tukaingia kikapuni, Wazungu wanne, rubani, na mimi kwenye kona yangu ya uzito. Ekai alishika kamba huku ametazama chini. Nadhani alikuwa akiomba.

Tukapanda bila kutikisika. Nilitarajia kelele na hakukuwa na kelele, isipokuwa moto ukipumua. Sikuogopa. Nilishangaa kwamba siogopi. Wageni waliona tembo mtoni, wote wakakimbilia upande ule na kamera zao. Rubani akanionyesha kwa mkono nisiondoke kwenye kona yangu. Kwa hiyo mimi nilitazama upande usio na tembo.

Jua likatokea. Likiwa bado chini vile, kila jiwe lilikuwa na kivuli kirefu. Ndipo nikaona duara. Kubwa, la nyasi za rangi nyingine. Halafu jingine, halafu matatu pamoja. Nikadhani ni kazi ya serikali. Kisha nikaelewa. Ni maboma. Maboma ya watu waliohama zamani, samadi yao bado imo udongoni, na nyasi zinaota tofauti pale mifugo ilipolala. Tumetembea juu yake miaka yote bila kuyaona.

Na moja lilikuwa na kishikio.

Mama hakuwapenda punda. Alisema wanalia kama watu waliodhulumiwa na hawamwachi mtu alale. Alimsumbua Baba mpaka akawajengea zizi lao nje, limebandikwa ubavuni mwa boma, mbali na kibanda chake. Majirani walicheka. Hakuna boma lingine nililowahi kuliona la namna ile. Na sasa liko chini yangu, ng'ambo ya laga, karibu na miamba myeusi. Duara kubwa na duara dogo ubavuni, kama kikombe kilichowekwa mezani.

Nilipiga kelele. Nilimwambia rubani ashushe. Akanielewa lakini akanyoosha mikono. Upepo. Tukapita juu yake taratibu, nikageuza shingo mpaka ikauma, na likaniponyoka. Nikalia kama mtoto. Mama mmoja wa Kizungu akanishika bega, akidhani ni woga, akanipa peremende.

Tulipotua waliandika meza porini na kufungua mvinyo. Mimi niliomba chai. Nilimwambia Ekai nimemwona Mama. Alikuwa akikunja kitambaa. Akaendelea kukunja.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemwambia Baba, Ekai akisikia: duara kubwa, dogo ubavuni, kama kikombe. Aliugonga mkebe kwa kidole. Kisha akauliza zizi la punda liko upande gani wa boma. Nikamwambia upande wa mlima. Akasema, "Ni yeye."

Ameomba uji. Ameomba nimnyoe. Anataka twende leo. Miguu yake imevimba, anapumua kama mtu aliyepanda kilima, na anataka twende leo.

Ekai anasema mahali pale ni nje ya mbuga, upande wa Ngaremara, gari linafika karibu. Lakini hatampeleka mzee kufanya matambiko. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliondoka bila kula.

Jumapili, 11 Agosti

Ekai alikuja asubuhi na pikapu ya hoteli. Amekosa kanisa. Nikamvisha Baba koti kabla hajabadili nia.

Gari liliishia kwenye laga, mchanga ukalikataa. Ekai akamweka Baba mgongoni akavuka naye. Mimi nyuma na maji na mkebe. Jua lilikuwa limeshapanda.

Hakuna kitu. Juu niliona kikombe kizima, chini hakuna hata kigae. Nyasi kavu, mawe, miiba, mawe. Miamba myeusi iko kila mahali, nayo kutoka chini inafanana yote. Nilizunguka nikiita huku, hapana, kule. Ekai alinifuata na mzigo wake bila kulalamika. Kila niliposimama Baba aliomba ashushwe. Aliokota udongo, akaunusa, akautupa, akaomba abebwe tena.

Mchana niliona midomo yake imekauka na sikuweza tena. Nikasema, "Baba, ni hapa." Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilitaka tu apumzike.

Akaketi. Akafungua mkebe, akaweka kiganja chini. Akauliza lango lilikuwa wapi, alipolala Mama ni upande upi. Nikababaika. Alisubiri, uso wake umenigeukia na macho yale yasiyoona. Kisha akafunga mkebe.

"Siwezi kumpa tumbaku mtu nisiyemjua," akasema. "Twendeni nyumbani."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Jumanne, 13 Agosti

Hatoki kitandani. Mganga wa kliniki amesema moyo umechoka. Ametoa vidonge.

Nimemwomba Ekai amwambie rubani apite tena pale na kuacha alama yoyote, kitambaa, gunia, chochote. Anasema upepo tangu juzi unavuma kuelekea kwingine. Sijui kama ni kweli au ni wokovu wake. Nimemwambia hivyo usoni. Akaniangalia akasema, "Dada, mimi si adui."

Jumatano, 14 Agosti

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya sufuria. Baluni haikuruka.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilikwenda bombani kuteka maji. Niliporudi alikuwa amekufa. Mkebe ulikuwa chini ya mkono wake.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumemzika makaburi ya mjini. Ekai na watu wa kanisa lake walipanga kila kitu. Waliimba vizuri, siwezi kusema vingine. Watu wa Ngaremara walikuja, wazee wachache waliomjua akiwa na mifugo.

Nilitaka kuweka mkebe ndani ya jeneza. Kama ameshindwa kuupeleka akiwa hai, basi auchukue mwenyewe. Niliutoa kwenye leso. Ekai akaushika mkono wangu mbele ya watu wote, akauchukua mkebe, akautia mfukoni mwa koti. Mhubiri akaendelea.

Sitamsamehe. Naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Baba amelala hapa mjini kati ya watu asiowajua, Mama amelala kule peke yake, na hawakuagana. Ningekuwa nimefunga mdomo juu ya lile boma, angekufa bila tumaini lakini angekufa bila kubebwa juani siku nzima. Ni mimi niliyempa tumaini.

Jumanne, 20 Agosti

Sizungumzi na Ekai. Anaondoka bado giza, anarudi, anakula, analala. Namwekea chakula mezani na kutoka nje. Nimefua nguo za Baba. Sijui nimezifua kwa ajili ya nani.

Jana nilimwuliza mke wa Ekai, aliyekuja kwa mazishi, mkebe uko wapi. Hajui. Nadhani ametupa chooni.

Alhamisi, 22 Agosti

Nilikuwa nafunga mizigo. Ekai akaingia mapema, kabla ya muda wake, viatu vina mchanga, nguo zinanuka gesi. Akaketi kwenye stuli ya Baba.

Akauweka mkebe mezani.

Niliufungua. Mtupu. Harufu tu.

"Upepo ulikubali," akasema.

Nikamtazama. Akasema kila asubuhi tangu mazishi amekuwa akimwomba rubani kona ya kikapu, na kila asubuhi upepo umekuwa ukienda kwingine, naye ameshuka na mkebe mfukoni. Asubuhi nne. Huyu anayeogopa hata ngazi. Leo ulivuma vizuri. Alipita juu ya lile boma kabisa, jua likiwa chini, na akaliona. Akamwaga tumbaku yote. Nyingine ilirudi ikamwingia machoni.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia nini, na kama upepo usingekubali?

Nikampa chai. Kikombe kiligongana na meno yake. Akakitazama kile kikombe, akakiweka mezani polepole, akakigeuza kishikio kielekee ukutani, kisha kielekee kwake.

"Zizi la punda nje ya boma... kwani Mama alikuwa hapendi punda?" akauliza.

Hakuwa na habari. Alikuwa mdogo mno. Ameishi na wokovu wake na woga wake na miaka yote hii hakuwa na kitu kimoja cha Mama, na mimi sikuwahi kufikiri kumpa. Nikaketi. Nikamwambia yote ninayoyakumbuka. Punda, na jinsi alivyowatukana kwa majina. Jinsi alivyokula ugali ukiwa baridi. Jinsi alivyomwita yeye akiwa mchanga, jina ambalo hata Baba alikuwa amelisahau. Nilisema mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 25 Agosti. Meru

Nimefika salama. Kesho shule inafunguliwa. Nimesugua masufuria, nimehesabu vijiko, vimepungua kama kawaida.

Baba hakufika kwa Mama. Hilo halibadiliki.

Mkebe nimeuosha kwa maji ya moto na harufu haijatoka. Nimeuweka rafuni karibu na chumvi.