Shekhe wa Mama Alikuwa Yogi

Jumamosi, Ibra, huku Oman. Joto la leo lilikuwa la kukausha mate mdomoni, na sasa jua limezama lakini kuta bado za moto. Niko nyumbani kwa Khalti Zuwena, dada yake Mama. Nimekimbilia uani na simu yangu kuandika haya kabla hayajapoa.

Nimeendesha gari.

Naandika tena nione kama kweli: nimeendesha mimi mwenyewe kutoka Izki mpaka Ibra, na Mama kakaa pembeni.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba tangu ile ajali ya njia ya Sur, ukishapita Al Kamil, sijashika usukani. Lori lilinibana, gari likaviringika, nikatoka na shingo iliyoteguka tu, alhamdulillahi. Shingo ikapona, mimi sikupona. Nikisikia lori, mikono inakufa ganzi na moyo unanipiga mpaka kwenye meno. Mwaka mzima nachukuliwa na kurudishwa kama kifurushi, mtu mzima wa miaka arubaini na sita, ofisini naitwa mkuu wa kitengo.

Aliyenitoa hapo ni yogi. Msicheke.

Dada wa Kihindi aliyekuwa akininyoosha shingo hospitali ndiye aliyenitumia video zake. Ni mzee wa Kihindu, kafa zamani, aliyetoka kwao na shuka zake mbili akaenda Marekani kuwafundisha wazungu kukaa kimya na kuangalia pumzi zao. Kuna waliomcheka, na kuna waliokaa. Elimu yake kubwa kubwa mimi siijui. Kilichonishika ni pale anaposimulia baridi yake ya kwanza kule, katika chumba cha kupanga, alivyoshindwa kukaa kimya yeye mwenyewe kwa woga. Mwalimu mzima! Akaanza upya, anahesabu pumzi moja mpaka kumi kama mtoto wa chuo cha Kurani. Watu wote walikuwa wakinambia usiogope, na huyu akanambia yeye aliogopa. Basi kila alfajiri nikishasali nafunga mlango, nahesabu naye kwa sauti, kwa Kiswahili changu. Maneno yao ya ibada siyasemi, nina dini yangu. Nachukua pumzi tu.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Siku moja Mama kaingia bila ya hodi, akaiona simu. Mzee ana ndevu nyeupe mpaka kifuani, nguo nyeupe, na shanga mkononi anazivuta moja moja. Kiingereza Mama hakijui. Akainama, akatazama, akasema mashallah, uso una nuru, shekhe wa wapi huyu?

Nikamjibu, wa Marekani.

Uongo haukuwa, lakini kweli pia haikuwa, na nilijua pale pale.

Tangu siku hiyo Mama akamtia kwenye dua yake. Kila baada ya Magharibi huwataja watu wake mmoja mmoja: wazee wa Unguja tulikotoka, marehemu baba, watoto wawili aliowazika. Kisha humalizia, "Na yule shekhe anayemtuliza mwanangu." Na mimi nyuma yake naitikia amin. Miezi mitatu! Kila siku nasema kesho nitamwambia.

Juzi Khalti akapiga simu analia. Kesho Jumapili anaingia hospitali kupasuliwa nyongo, na anaogopa kisu. Mwanawe, mwalimu wa dini, alikuwa tayari kuja kumchukua Mama, lakini nikajisikia nasema nitampeleka mimi. Mama akafurahi kuliko Idi. Akanambia nisisahau simu, nikamuoneshe Khalti yule shekhe amtulize roho. Na huyo mwanawe mwalimu Kiingereza anakijua kama maji, atamtambua mzee mara moja. Ya Rabbi, nikaona Mama atakavyoaibika mbele ya watu kwa ajili yangu.

Nikamwambia njiani. Tulisimama Sinaw kwenye petroli, nikamnunulia chai ya maziwa, nikaeleza yote, pamoja na ule woga wa chumba cha kupanga. Kwamba yule mzee si Mwislamu, ni Banyani.

Nilitegemea kelele. Kaimaliza chai yake yote, ndipo akasema.

"Kwani mimi Mabanyani siwajui? Alipokufa baba yangu, jirani yetu Banyani ndiye aliyetulisha siku tatu nzima. Ungesema Banyani. Umeniacha namwambia Mola wangu nisichokijua, na wewe huku unaitikia amin."

Hakunitazama tena. Hiyo amin ilinichoma, nikaona bora angenitukana.

Tulipoondoka Sinaw malori yakaanza. Likatupita moja, likatupita jengine, gari likatikisika, na mikono ikafa. Nikaingia pembeni ya njia, nikazima. Nikajua hapa ndipo nitakapompigia mtu simu aje atuchukue, na gari sitaligusa tena maisha yangu.

Nikasikia tasbihi. Tak.

"Moja," kasema Mama, uso kaukunja, anatazama mbele. Tak. "Mbili. Vuta basi, wanitazama nini?"

Kumbe kila alfajiri alikuwa akinisikia mlangoni, mama huyu! Hesabu yote anayo, mpaka kumi na kurudi moja. Tulihesabu sijui mara ngapi. Malori yakaendelea kupita, nikawasha gari.

Mpaka Ibra hakunisemesha.

Khalti alipomuona akamng'ang'ania, analia. Mama akamkalisha kitandani, akatoa tasbihi yake, akamwambia vuta pumzi, dada, moja. Khalti akavuta. Walikaa vile muda mrefu, bibi wawili wamefumba macho. Mabega yaliposhuka, Khalti akauliza haya kafundishwa na nani. Mwalimu kasimama mlangoni. Mimi natazama zulia.

"Mzee mmoja wa Kibanyani," Mama akasema. "Alikuwa muoga kama wewe."

Mwalimu akakuna ndevu, akaenda kuleta kahawa.

Hivi punde tumesali Magharibi. Mama akaanza kuwataja watu wake. Alipofika pale pa shekhe, nikasikia shanga zimesimama. Wallahi niliogopa kuliko pale kwenye malori.

"Na yule mzee," akasema, "Wewe, Mola, unamjua zaidi kuliko sisi."

Akangoja. Nikaitikia amin, na safari hii nilijua tunaitikia nini sote wawili.

Bado hatujazungumza. Kesho saa moja asubuhi Khalti anapelekwa hospitali, na nyumba hii ina madereva wanne wa kumpeleka. Niliporudi kukunja msala wangu, nimeukuta ufunguo wa gari juu yake. Kauweka Mama.